Deodata Aingia Msituni kwa Miguu

Ukishuka basi Nyakanazi, uwe umetoka Kahama, Kibondo au Ngara, kabla hujaunyoosha mgongo utasikia harufu ya maharage yaliyoungwa kwa karanga. Ukiifuata utavuka barabara, utapita nyuma ya malori yaliyojipanga kusubiri safari ya mpakani Rusumo, na utafika kwenye banda la mabati lenye benchi nne. Humo Deodata alikuwa amesimama kwa miaka ishirini na moja. Kusimama ndiko kulikokuwa kazi yake: kusimama mbele ya jiko, kusimama mbele ya sinia la chapati, kusimama mlangoni kumwelekeza mgeni choo kilipo. Wote aliowapikia walikuwa wanakwenda mahali. Walikula haraka, wakajifuta midomo, wakapanda magari yao, na yeye akabaki kuosha sahani.

Madereva walimwita Mama Tecla, kwa jina la binti yake mkubwa aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, mwenye miguu myembamba ambayo wateja wapya waliitania na wa zamani walikwisha kuizoea.

Miguu hiyo ilitengenezwa Bukiriro, kwenye vilima vya Ngara, mahali ambapo mtu akidondosha chungwa mlangoni kwake hulifuata kwa jirani wa chini. Kisima kilikuwa bondeni, shule ilikuwa kileleni, nyumba ya wazazi wake, Tomasi na Nyirabahizi, ilikuwa katikati. Kwa hiyo Deodata hakumaliza siku bila kupanda na kushuka mara nne, na mara nyingine kichwani ana mkungu wa ndizi. Alipokuwa darasa la sita walimu walimchagua kwenye michezo ya shule. Akashinda kata, akashinda wilaya, akapelekwa Bukoba kukimbia mita elfu moja na mia tano. Huko aliliona ziwa kwa mara ya kwanza, akadhani mbingu imelala chini, akashindwa kula chakula cha mchana kwa kulitazama. Katika mbio alikuwa wa pili. Mwalimu wake alimwambia kuwa ana mapafu ya watu wawili. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, darasa la saba likawa ndilo la mwisho, na hakuna aliyeuliza tena habari za mapafu yake.

Akiwa na miaka ishirini na minne aliolewa na Bulugu, dereva wa lori, Msukuma mpole mwenye kicheko cha polepole, aliyekuwa akipita Ngara na mizigo. Wakahamia Nyakanazi kwa kuwa ndipo barabara zote zilipokutana.

Miaka ile barabara ya kukatisha msitu wa Biharamulo haikupitika kirahisi. Mabasi yalisubiriana, askari wenye bunduki wakapanda, ndipo msafara ukaondoka, na abiria walifunga madirisha hata jua liwe kali namna gani. Deodata aliupita msitu huo mara nyingi akienda mjini Biharamulo, na aliuona kama kila mtu alivyouona: ukuta wa miti unaokimbia kinyumenyume dirishani, na nyuma ya ukuta, watu wabaya. Mwaka wa pili wa ndoa yao Bulugu alikuta magogo yamelazwa barabarani. Yeye aliruka kutoka kwenye lori akakimbilia mitini. Utingo wake, kijana wa Biharamulo aliyeitwa Muksini, hakuwahi. Bulugu alitoka msituni kesho yake saa sita mchana, peku, shati limechanika, na tangu hapo hakushika tena usukani. Alijifunza kuziba pancha, akafungua karakana ya matairi hatua hamsini kutoka banda la mke wake, na neno msitu halikutamkwa nyumbani kwao ila kwa lazima.

Miaka ikaenda. Njia ikawa salama, askari wakaacha kupanda mabasi, na Nyakanazi ikajaa nyumba za wageni na vituo vya mafuta. Lakini watu hawakuacha kuutazama msitu kwa jicho lile lile la zamani.

Mwezi wa pili wa mwaka wa ishirini na moja wa banda lile, tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa duka la Swaumu. Swaumu aliuza viatu vya mitumba mkabala na banda la Deodata. Babu yake alikuja kutoka Pangani na mzigo wa kanga enzi za Mkoloni, hakurudi, na wajukuu zake mpaka leo wanaongea Kiswahili kinachowafanya wenyeji, Wahangaza na Wasubi, wanyamaze wasikilize. Swaumu alivuka barabara na kikombe chake cha chai na nakala ya tangazo mkononi, akamsomea Deodata kama mtu anayesimulia kichekesho. Mbio za milima na misitu, mwishoni mwa Agosti, kuanzia na kuishia Nyantakara. Kilomita arobaini na mbili, milima minne, njia yote ya miguu, si barabara. Wakazi wa wilaya za Biharamulo na Ngara watakimbia bila kiingilio.

"Watu wana nafasi, shoga yangu," alisema Swaumu. "Mtu akimbie siku nzima porini na hakuna anayemfukuza."

Deodata alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini na kumwomba asome tena, pale penye milima.

Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwa nini aliamua. Alisema baadaye kwamba aliposikia neno mlima alisikia kitu kifuani kikigeuka, kama mtoto anavyogeuka tumboni. Kesho yake alivuka barabara akamuuliza Swaumu kama ana viatu vya kukimbilia vya namba arobaini na moja. Swaumu alimtazama kwa muda mrefu, akaona hatanii, akaingia chini ya meza akatoka na viatu vya bluu vyenye meno chini kama tairi la trekta. Alisema alikuwa hajui ni vya kazi gani mpaka siku hiyo.

Alianza kukimbia saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakishaondoka, jua likiwa bado kali. Alipanda vilima vilivyo nyuma ya mji, kati ya mashamba ya mihogo, akashuka, akapanda tena. Wiki ya kwanza alitapika. Wiki ya tatu kucha mbili za vidole gumba zikang'oka. Mwezi wa nne madereva wakaanza kumtambua barabarani, wakawa wanampigia honi ndefu, na wengine wakija kula wanamuuliza anafukuzwa na nani. Aliwapakulia maharage. Alijua tu kwamba kila akifika juu ya kilima na kusimama, akisikia moyo unapiga mpaka masikioni, alikuwa na miaka kumi na tatu.

Bulugu alinyamaza mpaka Julai. Jioni moja, wakiwa wanakula, akasema asichoweza kukimeza.

"Mama Tecla, vilima hivi sina neno navyo. Lakini mbio zile zinapita ndani."

"Najua, Baba Tecla."

"Mimi nimelala mle. Wewe hujalala."

Deodata akasema watakuwapo askari wa wanyamapori kila baada ya kilomita chache, na watu zaidi ya mia. Bulugu akaosha mikono, akatoka nje, na hawakulirudia jambo hilo. Siku ya kuondoka alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akakagua upepo wa matairi yote mawili kwa kidole, akarudi kwenye karakana bila kupunga mkono.

Kulikuwa na wakimbiaji mia na arobaini kwenye uwanja wa shule ya Nyantakara kulipopambazuka, na wanawake walikuwa thelathini na moja. Wengi walitoka Mwanza, Arusha na Kigali, wenye saa kubwa mikononi na vifuko vya maji mgongoni. Deodata alivaa kaptura ndefu na kanga amejifunga juu yake. Namba yake kifuani ilikuwa mia na saba. Swaumu, aliyekuja naye na chupa ya chai, alikaa kwenye gogo pembeni akasema angeomba dua kwa ajili ya magoti. Karibu yao alisimama mwalimu wa shule ya msingi kutoka mjini Biharamulo, Zulfa, msichana wa miaka ishirini na tisa, ushungi ameufunga kwa nyuma. Alimwamkia Deodata shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwambia kwa adabu kwamba kanga itamsumbua kwenye vichaka. Deodata akaifungua akampa Swaumu, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto akasimama mbele za watu miguu ikiwa wazi.

Filimbi ikalia saa kumi na mbili na nusu.

Kilomita nne za kwanza zilipita mashambani, na watoto walikaa juu ya vichuguu kutazama. Kisha mashamba yakaisha. Njia ikaingia kati ya miti miwili mikubwa, ikawa nyembamba kama mshipi, na sauti zote za nyuma zikakatika. Deodata alisikia mwili unasisimka. Miaka ishirini na moja alikuwa ameuona ukuta huo kutoka upande wa pili wa kioo, na sasa alikuwa ndani yake, na haukuwa ukuta.

Msitu ulikuwa umekaa kwa nafasi. Shina na shina yaliachana, na katikati mwanga ulishuka mpaka chini. Na juu, jambo ambalo hakulitazamia: majani yalikuwa mekundu. Hapakuwa na tone la mvua tangu Mei, udongo ulikuwa mkavu kama unga, nyasi zilikwisha kuungua, hata hivyo miombo ilikuwa imechipua, mti baada ya mti. Majani mapya mororo yalikuwa mengine mekundu kama shaba, mengine kama divai, na jua lilipoyapiga kutoka nyuma ya kilima msitu wote ukawaka bila moshi. Alijiuliza maji hayo yametoka wapi. Miti hii ilijuaje kwamba mvua itakuja, ikaanza kujipamba mwezi mzima kabla yake? Alikimbia mdomo wazi, na mbung'o mmoja akaingia, akamtema, akaendelea.

Mlima wa kwanza aliupanda kwa mwendo wa kwenda shule. Wenye saa kubwa walikuwa wanakimbia sehemu za mteremko na kusimama sehemu za mlima wameshika viuno. Deodata hakukimbia mlima wala hakusimama, aliinama kidogo akaweka mikono juu ya mapaja na kwenda hatua fupi fupi, kama mtu mwenye mzigo kichwani. Akawapita watu kumi. Kwenye mlima wa pili akawapita wengine, akiwasalimu kila mmoja kwa kuwa hakujua kama kwenye mbio watu husalimiana. Kati ya milima hiyo kulikuwa na kijito chenye maji bado, baridi kama chuma, na alipopiga magoti kunywa aliona nyayo kwenye tope: kwato kubwa zilizogawanyika, vidole vya nyani, na duara moja pana kuliko sinia lake la chapati. Hakuelewa duara lile ni la nini. Akajimwagia maji kichwani akaenda.

Mlima wa tatu wenyeji wanauita Mgongo wa Nyati. Huo haupandwi kwa miguu peke yake. Njia iliishia kwenye mawe, na waandalizi walikuwa wamefunga tepe nyekundu kutoka jiwe hadi jiwe kuonyesha pa kushika. Deodata alipanda kwa mikono na magoti. Jasho lilimwingia machoni, viganja vikachunika, na katikati ya mwamba mapaja yakaanza kutetemeka kwa namna ambayo hakuweza kuyatuliza. Aliegemeza paji la uso kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa na ubaridi wa asubuhi bado. Akasikia pumzi zake mwenyewe zikitoka na kurudi, kubwa, nzito, na akashangaa kwamba sauti hiyo ilikuwa yake. Akakumbuka maneno ya mwalimu wake kuhusu mapafu. Kisha akanyoosha mkono akashika jiwe lililofuata.

Juu hapakuwa na mti. Palikuwa na upepo, na dunia.

Alikuwa hajawahi kuona mbali kiasi hicho. Mbele yake msitu uliteremka ukaenda, mwekundu na kijani na mwekundu tena, bila paa la nyumba, mpaka ukawa wa bluu ukachanganyika na mbingu. Alipogeuka nyuma, kushoto, aliona uzi wa kijivu umetandikwa katikati ya miti, na juu ya uzi vinukta vinatembea. Ilimchukua muda kujua kwamba ile ni barabara, na vile vinukta ni malori. Ndani ya malori yale kulikuwa na watu aliowapa chai jana. Na mbali zaidi, upande wa machweo, viliinuka vilima vimoja nyuma ya vingine, vya mwisho vyepesi kama moshi, na huko kwenye vile vya mwisho ndiko alikozaliwa, ndiko mama yake Nyirabahizi alikokuwa anapalilia migomba saa hiyo hiyo. Maisha yake yote yalikuwa pale chini, yakaenea kwenye kiganja kimoja. Alikuwa akidhani ameishi mahali padogo.

Mtu wa kituo cha maji alimgusa bega na kumpa kikombe.

"Mama, unajua kwamba wewe ni wa kwanza?"

"Wa kwanza wa nini?"

"Wa wanawake. Hajapita mwingine."

Deodata alidhani mtu huyo amekosea kusoma namba. Akanywa, akamshukuru, akaanza kushuka. Lakini neno hilo likashuka naye. Kwenye mteremko aliifungua miguu, akaruka mizizi, akakwepa matawi, mikono imetanuka kama mabawa, na mwili wa miaka arobaini na mitano ukamtii kama ulikuwa ukingoja tu kuamriwa. Kilomita ya ishirini na saba. Ya ishirini na tisa. Aliacha kuhisi miguu, akahisi njia tu.

Kwenye kilomita ya thelathini na moja, mahali ambapo njia inakata bonde pana la nyasi fupi, askari wa wanyamapori alisimama katikati ya njia ameinua mkono. Jina lake lilikuwa Danstan, kama lilivyoandikwa kwenye shati lake, na bunduki ilining'inia begani. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanaume sita waliokuwa wakiongoza mbio, kimya.

"Simama hapo hapo, mama. Usiseme neno," alinong'ona.

Mwanzoni Deodata hakuona kitu. Aliona vichaka ng'ambo ya bonde, na mawe makubwa ya kijivu mbele ya vichaka. Kisha jiwe moja likapunga sikio.

Tembo walitoka mitini mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Wa kwanza alikuwa jike mkubwa mwenye pembe moja iliyokatika. Alifika mpaka kwenye njia ya mbio, akanusa utepe mwekundu uliofungwa kwenye kijiti, akautazama ule mkusanyiko wa watu. Akasimama. Hakuja wala hakuondoka. Alijiweka katikati, ubavu mzima kati yao na wenzake, na nyuma yake kundi likaanza kuvuka. Mama na ndama. Mama na ndama wawili. Madume vijana wakisukumana. Kizee kimoja chenye mifupa ya mashavu imetokeza, kinachotembea kwa kusita. Deodata alikuwa akitegemea kishindo, lakini hapakuwa na kishindo. Miguu mikubwa kama vinu ilitua juu ya majani makavu na hayakulia. Kilichosikika kilikuwa ngurumo ya chini sana, isiyotoka mdomoni, ambayo hakuisikia kwa masikio bali kwa mbavu. Danstan alinong'ona kwamba hivyo ndivyo wanavyoongea.

Zulfa alifika akihema, akazuiwa, akashika mkono wa Deodata bila kujua kwamba ameushika. Baada yake wakaja wanawake wengine wawili, mmoja wa Arusha na mmoja wa Kigali, kisha wanaume. Kila aliyefika alikuja na haraka yake, mbio zake, saa yake inayolia mkononi, na kila mmoja aliponyanyua macho haraka ikamtoka. Wakajaa watu ishirini, kisha thelathini. Mwanamke wa Arusha alizima saa yake. Hakuna aliyelalamika. Mwanamume mmoja mnene aliyekuwa ametukana mawe ya Mgongo wa Nyati njia nzima alivua kofia.

Ndama mmoja alisahau kwamba wanavuka. Alisimama katikati ya njia, akachota vumbi kwa mkonga wake mdogo, akajimwagia mgongoni, akachota tena. Yule jike mkubwa hakugeuka. Alinyoosha mkonga nyuma tu, akamgusa kisogoni, na ndama akaondoka mbio masikio yakimpigapiga. Hapo Deodata alijikuta machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Aliwaza kwamba wao wamekuwa humu siku zote. Mabasi yaliyofunga madirisha yalipita, malori yalipita, yeye amepita mara zisizo na hesabu akiwa amefumba macho ili njia iishe upesi, na muda wote huo, mwendo wa saa chache kutoka kwenye jiko lake, viumbe hawa walikuwa wakitembea na watoto wao bila sauti.

Dakika ishirini na tatu zilipita. Yule jike alipoona wa mwisho ameingia mitini, aliwatazama watu mara moja tena, akageuka, akawafuata. Msitu ukajifunga nyuma yake, na mtu ambaye angefika wakati huo asingeamini kwamba kulikuwa na kitu. Danstan alingoja kidogo zaidi. Kisha akasema wanaweza kwenda, na wote wataondoka pamoja kwa kuwa hakuna namna nyingine.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyekimbia. Walivuka bonde wakitembea, wakizikwepa nyayo kama mtu anavyokwepa mkeka wa mwenzake, na Deodata akalitambua lile duara aliloliona kwenye tope la kijito. Walipofika upande wa pili wakatazamana, mtu mmoja akacheka, ndipo mbio zikaanza upya.

Lakini miguu ya Deodata ilikuwa imeganda. Mapaja yaliyosimama yalikuwa kama kuni mbichi, na kwenye mlima wa nne msuli wa nyuma ukamkaza mpaka akakaa chini. Mwanamke wa Arusha akampita, wa Kigali akampita. Zulfa alifika akasimama, akamkandakanda mguu kwa mikono miwili.

"Twende, mama. Nitakushika."

"Nenda, mwanangu. Mimi nimekuja kwa njia yangu, nitamaliza kwa njia yangu."

Zulfa alisita, kisha akaenda, akigeuka mara mbili. Deodata alikaa mpaka msuli ukalegea. Hakuwa na uchungu wa kupitwa, na hilo lilimshangaza, maana Bukoba alipokuwa wa pili alilia mpaka walimu wakamnunulia soda. Aliinuka akapanda kwa hatua fupi fupi, akitazama juu kwenye majani mekundu, na alipofika kileleni akaanza kukimbia tena.

Aliingia uwanja wa shule saa saba kasoro dakika kumi. Alikuwa wa nne. Zulfa alikuwa wa tatu, na alikuwa amesimama kwenye mstari akipiga makofi kuliko mtu yeyote. Walimvisha Deodata medali ya mti, wakampa ndizi na maji, na Swaumu akamfunga kanga kiunoni huku akiongea bila kituo, mara ampongeze, mara amlaumu kwa damu iliyokuwa kwenye soksi.

Nyuma ya Swaumu, karibu na uzio, alisimama Bulugu. Alikuwa amefunga karakana siku ya Jumamosi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akapanda pikipiki, akaja. Alisimama akiwa ameipa mgongo miti.

Swaumu alipokwenda kutafuta chai, wawili hao walikaa kwenye nyasi. Bulugu alimvua viatu, akautazama mguu wake kama anavyotazama tairi lililopasuka, akaanza kuumwagia maji taratibu. Deodata akamsimulia. Hakuwa msimulizi, alisimulia vipande vipande: majani, mawe, barabara iliyokuwa kama uzi. Alipofika kwa tembo, mikono ya Bulugu ikaacha kumwaga maji.

"Yule mkubwa," aliuliza, "alisimama akawatazama?"

"Alisimama mpaka wote wakapita."

Bulugu akayaweka maji chini. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa karibu miaka ishirini.

"Mimi asubuhi ile kulipopambazuka nilikuwa nimelala chini ya mti, nimejifunika majani. Nikasikia kitu kinakuja. Nikajua ni wale majambazi wamenipata, nikafumba macho. Kikafika, kikasimama juu yangu. Nikasikia pumzi, pumzi ya moto, inanuka majani. Nikafumbua jicho moja, nikaona mguu. Mguu tu, mpana hivi. Alinipumulia, Mama Tecla, kutoka kichwani mpaka tumboni, taratibu, kama mtu anayemkagua mgonjwa. Halafu akanizunguka. Na waliokuwa nyuma yake wote wakanizunguka, hakuna aliyenikanyaga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Muksini alikuwa amekufa. Ningesemaje kwamba mimi nimeona kitu kizuri?"

Deodata aliweka mkono wake uliochunika juu ya mkono wa Bulugu uliojaa grisi, wakakaa hivyo. Wakimbiaji wa mwisho walikuwa bado wanatoka mitini, mmoja mmoja, wakichechemea, nyuso zao zimejaa vumbi, na karibu kila mmoja alikuwa anatabasamu.

Jumatatu banda lilifunguliwa kama kawaida, ila mpishi alipika akiwa ameketi, maana hakuweza kuinua goti. Madereva walimuuliza alikuwa wa ngapi, akawaambia wa nne, wakasema si mbaya kwa umri wake. Wengine waliuliza habari za msitu, na hao aliwasimulia zaidi. Dereva mmoja wa lori la saruji, mtu wa Kabanga ambaye amekatisha njia ile kwa miaka kumi na minne, alisikiliza mpaka chai yake ikapoa, akauliza tembo hao walipita upande gani wa barabara.

Bulugu hajaingia tena msituni kwa miguu mpaka leo, wala mke wake hajamshawishi. Lakini siku hizi wanapokwenda mjini Biharamulo kwa basi, Bulugu hukaa upande wa dirisha, na miti inapoanza, huvuta kioo akakifungua.